Jumanne za Kubishana

Mdogo wangu alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Nilikuwa nimemwambia kwamba Jumanne, siku yangu ya mapumziko, nitakuwa nakwenda kumsomea vitabu bibi mmoja wa Kiyahudi karibu na uwanja wa Flagey, na kwamba ni kazi ya kujitolea. "Semaine yote, kila siku, unaogesha bazee," aliniambia, "alors siku yako ya congé unaenda tena kwa muzee ingine? Bule?" Nilimjibu kwamba siendi kuogesha mtu, naenda kusoma. Akasema sawa, ila nisije nikamlalamikia uchovu Jumatano asubuhi.

Nilikuwa na sababu zangu. Mimi ni mtunza wazee majumbani. Kila asubuhi natoka Koekelberg, nazunguka mji huu wa Brussels na funguo za watu kwenye mkoba, navalisha soksi, napika supu, nakumbusha vidonge. Kazi naipenda, lakini haitaki nifungue kitabu. Kwetu Bukavu nilikuwa nasomea ualimu, vita vikanikatiza, na tangu hapo kusoma kwangu kumekuwa kule kwa kanisani tu, pale ninaposimama Jumapili kusoma somo la kwanza. Sitaficha: napenda kusikia sauti yangu. Nilipoona tangazo kwenye mlango wa duka la dawa, likiomba watu wa dini yoyote wenye Kifaransa kizuri waje kusoma pamoja na wazee ambao macho yao yamechoka, nililipiga picha hata sijamaliza kulisoma.

Tangazo lilikuwa la nyumba ya jumuiya ya Wayahudi. Mlangoni kuna mlinzi anayekagua mkoba, kisha mlango wa pili ambao haufunguki mpaka wa kwanza ufungwe, na ndani kuna ukumbi, jiko na harufu ya kahawa. Mratibu wa watu wa kujitolea, mwanamke mwenye nywele fupi na simu mbili, alinieleza mambo haraka haraka. Jumuiya yao imeungana na jumuiya za Wayahudi za miji mingine ya Ulaya, Budapest, Roma, Geneva, ili zifundishane namna ya kuwasaidia watu wazima waendelee kujifunza hata uzeeni. Kila mji unaleta ujuzi wake, na wa Brussels ulikuwa huu wa kusoma wawili wawili. Aliniuliza najua lugha gani. Nilipotaja Kiswahili, aliweka simu zote mbili mezani, akasema basi nina mtu wako.

Mtu wangu alinifungulia mlango mwenyewe, ameshikilia kigari chake cha kutembelea, bibi wa Kizungu mwembamba ambaye kwa umri angeweza kuwa dada mkubwa wa mama yangu. Aligeuza kichwa kando ili anitazame, kwa sababu ugonjwa umemla katikati ya macho na umemwachia pembeni tu. "Ingia, mama," alisema. "Uko muntu wa wapi?" Nilimwambia Bukavu. "Ah," akasema, "kule banasemaka Kiswahili ya kanisa." Alikuwa mzaliwa wa Lubumbashi. Wazazi wake walitoka kisiwa kimoja cha Bahari ya Kati wakiwa vijana, wakafungua duka la vitambaa huko Katanga, na jamaa zao waliobaki kisiwani walichukuliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, wasirudi. Yeye alikulia nyuma ya duka, kati ya majora ya vitambaa na wateja, na alipokuja Ubelgiji akiwa mke wa mtu, Kiswahili alikuja nacho. Wako Wayahudi wengi wa namna yake mjini hapa. Mimi nilikuwa sijui.

Kusoma kwao si kama tulivyosomeshwa sisi na masista, mmoja mbele anasema na wengine wanaitikia. Wanakaa wawili, andiko moja katikati. Mmoja anasoma kwa sauti, anasimama, anasema anavyoelewa, na kazi ya mwenzake ni kutafuta tundu katika maneno hayo. Akilipata, wa kwanza analiziba. Likizibwa, wa pili anatafuta lingine. Wenza hao huitwa havruta, na havruta mzuri si yule anayekubaliana nawe, ni yule anayekutoa jasho. Wa kwanza wa bibi alikuwa mumewe. Baada ya mume alikuja rafiki yake wa tangu Lubumbashi, naye akafa. Tangu msiba ule vitabu vilikuwa vimelala.

Palikuwa na jambo lingine, ambalo mratibu alinieleza siku ile ile ya kwanza ili nisiseme sikuambiwa. Bibi ana mtoto mmoja tu wa kiume, na anaishi Geneva. Alikuwa anapiga simu kila jioni, anasikia sauti ya mama yake inazidi kuwa ndogo na maneno yanazidi kupungua, na alitaka mama ahamie kule, kwenye nyumba ya wazee iliyo mtaa mmoja na kwake. Mama hakutaka. Alitaka amalizie maisha pale pale, ghorofa ya tatu, dirisha likitazama mabwawa ya Ixelles. Mwana alikubali kungoja: mama akipata mtu wa kusoma naye akachangamka, abaki, akizidi kufifia, atakuja kumchukua. Kwa hiyo nilijua nilichoendea. Nilikwenda kumsaidia asihamishwe.

Tulisoma mjadala wa walimu wao wa kale kuhusu vitu vilivyookotwa, katika tafsiri ya Kifaransa yenye herufi kubwa. Ukiokota kitu njiani, ni chako lini, na ni lini lazima umtafute mwenyewe? Wanasema inategemea kama mwenye kitu amekwisha kukikatia tamaa. Nilidhani ni jambo la kumaliza kabla ya chai. Kumbe watu wale wamelibishania vizazi na vizazi: je, kama kitu kina alama, kama kimeangukia sokoni, kama mwenyewe bado hajui kwamba amekipoteza? Nilisoma kwa sauti yangu ya kanisani, yeye akasikiliza amefumba macho, kisha akatoa maoni yake. Nami nikasema, "Ndiyo, maman."

Nilisema hivyo Jumanne ile, na iliyofuata, na zote za majira ya baridi. Mnielewe. Kwetu mtu hamwambii mama wa umri ule kwamba amekosea. Mama yangu angenitoa mezani kwa kandambili. Juu ya hapo kuna kazi yangu. Mafunzoni tuliambiwa tusibishane na wazee: mzee akisema leo ni Jumapili, basi ni Jumapili, mpe kahawa. Kwa hiyo nilikuwa nimepita shule mbili za kukubali, na zote nilifaulu vizuri. Bibi akaanza kunitegea. Siku moja alisema mtu akiokota sufuria ya maharage kwenye tramu, na ayale yote hapo hapo, kwa sababu mwenye kusafirisha maharage kwa tramu amejitakia. Nikasema ndiyo, maman. Alinitazama kwa pembe ya jicho, akaomba chai.

Baridi ilipoanza kupungua, wageni kutoka ile miji mingine walikuja kuona Brussels inavyosoma. Ukumbi ulipangwa meza ndogo ndogo, kila meza watu wawili, na wageni wakawa wanazunguka na kuketi kusikiliza. Mratibu alituweka sisi mbele kabisa. Sikuhitaji kuelezwa sababu: bibi wa Kizungu na mwanamke Mwafrika juu ya kitabu kimoja ni picha nzuri. Nilikuwa nimevaa kitenge changu kipya, kwa hiyo sikukasirika. Mezani kwetu akaketi mama mmoja wa Geneva, mpole, naye ni mtu wa kujitolea huko kwao.

Siku hiyo tulikuwa tumefika kwenye lile swali gumu. Mtu ambaye bado hajui kwamba amepoteza kitu chake, je, tunaweza kumhesabu kuwa amekwisha kukikatia tamaa? Bibi alisema tunaweza, kwa sababu angejua angekata tamaa. Moyoni niliona kuna tundu hapo, tena la kupitisha ng'ombe. Nikasema ndiyo, maman. Akanisubiri. Kisha akageuka akasema kinyume chake kabisa, kwamba haiwezekani, hakuna mtu wa kumkatia mwingine tamaa. Nikasema ndiyo, maman. Watu wa meza ya jirani wakacheka kwa upole. Mama wa Geneva akanishika mkono, akasema hajapata kuona heshima ya namna ile, na kwamba kwao wazee wanakaa kila mmoja na kitabu chake, kimya, hakuna aliye na mwenza. Nikavimba kichwa. Sikuona kwamba bibi amekwisha kufunga kitabu.

Tulipofika kwake nilimsaidia kuvua koti. Hapo ndipo alipozungumza, kwa Kiswahili, bila kupaza sauti.

"Leo uliniacha peke yangu mbele ya bantu."

Nilianza kuomba radhi, akanizuia kwa mkono. Alisema kwamba katika nyumba ya baba yake kila mtu alikuwa akimwambia ndiyo tangu akiwa mtoto mchanga: mpishi, mfua nguo, mama aliyemlea na ambaye alimpenda kuliko dada zake wa tumbo moja. Ndiyo, mademoiselle. Baadaye ndiyo, madame. Waliitikia na kutabasamu miaka yote, kisha uhuru ulipokuja nusu yao waliondoka bila kuaga, na yeye akashangaa. Alikuwa bado anashangaa, aliponieleza.

"Balinilea, balinipikia, nilikuwa nabapenda," alisema. "Na mpaka leo sijue ata mumoja wao alikuwa anawaza nini. Sasa niko muzee, na weye unaniletea ndiyo ile ile."

Nilitoka pale nimefura. Nilitembea kando ya mabwawa nikijisemea peke yangu, bata wakinipisha. Mimi, niache siku yangu ya mapumziko, nipande metro na tramu, nisome mpaka koo linikauke, halafu niambiwe nafanana na wapishi wa baba yake? Nilipofika nyumbani nilimmwagia mdogo wangu yote, naye akasema kile nilichotaka kusikia, kwamba nisirudi tena. Nililala na hasira, nikaamka nayo. Lakini hasira ile ilikuwa na maneno mengi mno kwa jambo dogo kama lile. Nilipokuwa navalisha watu soksi niliyasikia yakijipanga: majibu ambayo sikuwahi kuwapa wakubwa wangu wa kazi, makarani wanaozungumza nami polepole utadhani mimi ni kiziwi, padri, shangazi zangu. Miaka yote nilikuwa nikisema ndiyo na kulificha la kweli tumboni. Bibi alikuwa ameniudhi kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kuliulizia.

Jumanne nikarudi. Hapa Brussels mtu akiona glavu imeanguka njiani huitundika kwenye uzio wa karibu, impate mwenyewe akipita tena. Bibi alisema glavu ya namna hiyo ni ya yeyote anayeitaka, maana aliyebaki na moja amekwisha kununua nyingine. Makwapa yaliniloa.

"Hapana, maman," nilisema.

Alinyoosha mgongo. Nikaendelea, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuanza. Nikasema glavu iliyotundikwa haijatupwa tena, imewekwa. Aliyeitundika amemtangazia mwenyewe, na anayeiondoa pale uzioni ni mwizi, hata kama vidole vinamganda. Akaniuliza uzio una mdomo wa kutangaza? Nikasema unao, kwa sababu kila mtu wa mji huu anajua maana yake. Akasema, na mgeni aliyefika jana? Nikasema mgeni aulize. Akasugua mikono. Tulikwenda hivyo mpaka supu iliyokuwa motoni ikakauka na sufuria ikaungua, na yeye ndiye aliyesikia harufu kwanza. Nilipokuwa naisugua sufuria ile nilimsikia sebuleni anaimba.

Kuanzia hapo hakuna aliyetuweza. Jirani wa ghorofa ya chini alipanda siku moja kuuliza kama kuna shida. Bibi alimwambia tunasoma. Tulibishana pia nje ya kitabu. Nilinunua sombe, yale majani ya muhogo, kwenye maduka ya Waafrika ya Matonge, nikaipika jikoni kwake, katika sufuria yake, kwa sababu, kwa sheria za dini yao, nyumba ile ina vyombo vya nyama na vyombo vya maziwa na vyangu kutoka Koekelberg haviruhusiwi kuingia. Alikula amefumba macho, kisha akasema nimetia mawese mapema mno. Nikamwambia watu wa Lubumbashi wangejua lini kupika sombe. Alinikejeli kwa Kiswahili changu cha mapadri, nikamkejeli kwa chake cha dukani. Na tulipokwama kwenye andiko, kila mmoja amechimba miguu, alitumia dawa aliyokuwa akiitumia na mumewe: tunabadilishana. Mimi nachukua upande wake, yeye wangu, na kila mmoja anatetea kwa nguvu zote kile alichokuwa anakipinga, bila kudanganya na bila kulegeza. Mara ya kwanza niliona ni mchezo wa watoto. Mara nyingine nilijikuta nimeshawishika na maneno yangu mwenyewe, nikaogopa kidogo.

Jioni alimsimulia mwanawe kwa simu yote niliyoyasema, na ubishi wangu aliutia chumvi. Mwana, kama alivyoniambia baadaye, alianza kuingoja simu ya Jumanne. Habari za kuhama zikanyamaza. Mratibu alinipigia kunishukuru, nami nilijua tumeshinda. Nilikuwa nampenda bibi yule, nasema wazi, nilimpenda kuliko watu kadhaa wa ukoo wangu.

Kisha akaanguka. Ilikuwa vuli, Jumanne moja baada ya sikukuu zao kubwa. Niligonga, hakuna jibu; nikatumia ufunguo alionipa. Alikuwa sakafuni jikoni, amejifunika kitambaa cha meza, viazi vimetawanyika, na alikuwa pale tangu asubuhi. Hakuvunjika kitu, ila mikono ilikuwa ya baridi na hakutaka nimtazame usoni. Nilimwinua kama tunavyofundishwa, polepole, kwanza goti, kisha kiti, nikamketisha, nikambadilisha soksi. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba mtoto asijue. Nilimwambia hilo siwezi, na kama hampigii yeye nitampigia mimi. Akampigia. Alimwambia ameteleza kidogo. Mwana hakuuliza mengi, alipanda treni.

Alikuwa mtu wa makamo, amechoka, mpole kama mama yake asivyokuwa, na alikuwa amebeba chokoleti kutoka Uswisi kuileta Ubelgiji, nchi inayojivunia chokoleti yake, jambo ambalo mama yake hakumsamehe siku nzima. Tuliketi watatu mezani. Alisema hamlazimishi. Alisema tu kwamba sasa simu ikilia anaogopa kuipokea, na isipolia anaogopa zaidi. Bibi akasema yeye ameuliza kila mtu. Daktari amemwambia ni uamuzi wake. Mratibu na wenzake wamemwambia watakubaliana na lolote. Rafiki zake wa kucheza karata wamemwambia afanye apendavyo. Kisha akageuza kichwa, akanitafuta kwa pembe ya jicho, akahamia Kiswahili, ambacho mwanawe, mzaliwa wa Ubelgiji, hakukijua.

"Na weye? Unasema nini?"

Nilijua anachotaka kusikia. Nilikitaka mimi pia, labda kuliko yeye. Lakini nilikuwa nimeliona lile beseni la kuogea lenye ukingo mrefu asioweza kuuvuka, na lifti inayoharibika mara kwa mara, na sakafu ile ya jikoni. Mimi ndiyo kazi yangu kuona vitu hivyo. Kama angekuwa mzee mwingine, wa orodha yangu ya asubuhi, ningekuwa nimesema mapema.

"Uende, maman," nilimwambia. "Hapa utaanguka tena, na haitakuwa Jumanne."

Mwana alitutazama mmoja mmoja, akauliza nimesema nini. Bibi aliniomba nichukue koti langu.

Hakunipigia. Jumanne ikapita, na nyingine ikapita. Nilisugua nyumba yetu, nikafua mapazia, nikamgombeza mdogo wangu bila sababu mpaka akaniuliza kama nimefiwa. Nilijiambia kwamba nimesema kweli, na kweli ile haikunifariji hata kidogo. Nilikuwa nimekwenda kwa yule bibi ili asihamishwe, na watu wote waliosoma shule wamemwachia aamue, halafu mimi ndiye niliyemwonyesha mlango. Nilishika simu mara nyingi, nikaiweka. Kisha yeye ndiye aliyepiga, sauti kavu.

"Unakuya, ao haukuye?"

Nilikwenda mbio. Chai ilikuwa tayari, kitabu hakikuwepo. Alikuwa ameketi wima, amekunja mikono. Akasema mimi na yeye tumekwama, na tukikwama tunajua la kufanya. Mimi nitatetea abaki. Yeye atatetea aende. Bila kulegeza. Nilimwambia sitaki. Akasema havruta hamwachi mwenzake katikati ya swali.

Basi nikaanza. Nikasema soko la Flagey, na muuza samaki anayemwekea vichwa vya kupikia mchuzi. Akasema Geneva wana ziwa, samaki hawakosi. Nikasema nyumba hii aliichagua mumewe. Akasema mumewe alichagua pia nyumba ya Lubumbashi, na waliihama. Nikasema hapa anaijua kila kona hata bila macho. Akasema kona ya jikoni ilimshinda. Nikasema nitakuja zaidi ya mara moja kwa juma, nitaomba ofisini wanipange kwake, nitalala hapa. Akaniuliza wale wazee wengine nitamwachia nani. Kila nilichoshika kilinitoka mkononi. Mwisho nikasema kile kilichobaki. Nikasema, na mimi je? Akienda, ni nani mwingine katika Ulaya yote hii anayetaka kujua ninachofikiri?

"Ile ni sababu yako," alisema kwa upole. "Haiko yangu." Lakini alinyoosha mkono juu ya meza, akanishika, na hakuniachia alipoanza kutetea upande wake.

Alitetea kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. Alisema mtoto wake anaelekea uzee na hajui usingizi, na mama anayemnyima mtoto usingizi ili yeye atazame bata ana kosa la kujibu. Alisema kule kuna wazee wanaokaa kimya, kila mmoja na kitabu chake, hilo alilisikia kwa masikio yake, na mtu anayejua kubishana akiwanyima ubishi watu wanaouhitaji ni mchoyo. Alisema alihama Lubumbashi akilia, akaapa hatahama tena, lakini kiapo cha hasira hakimfungi mtu mpaka kaburini. Halafu akapumua kidogo. Alisema watu wote waliomwambia afanye apendavyo walikuwa wanamwacha peke yake na swali, na ni mtu mmoja tu aliyeketi upande wa pili wa meza. Mtu huyo alikuwa na haja kubwa kuliko wote ya kumwambia abaki, na hakumwambia. Ushahidi wa mtu kama huyo, alisema, unaupindua vipi?

"Jibu," aliniambia.

Nilitafuta tundu kama alivyonifundisha. Niliyazunguka maneno yake kutoka mwanzo, nikayarudia, nikajaribu pale pa kiapo, nikajaribu pale pa mtoto. Alikuwa ametega kichwa kando, ananingoja, na nilimwona anavyoanza kuelewa kwamba sina jibu, kwamba ameshinda. Alikuwa mtu wa kupenda kushinda. Siku nyingine angepiga meza kwa kiganja na kudai keki. Safari hii aliuachia mkono wangu, akatafuta leso ndani ya mkono wa sweta yake, akalia, na mimi nilikuwa nimemtangulia.

Nilihamisha kiti nikakaa kando yake, nikamshika mabega. Nilikuwa bado natafuta. Niliwaza kwamba nimeanza kubishana nikiwa mtu mzima, nimechelewa sana, na kwamba mtu aliyezoea tangu utotoni angepata jibu, hata moja tu, na bibi yule asingehamia Geneva, angebaki pale juu ya mabwawa.